Lowood na Cowan Bridge: shule iliyohukumiwa na riwaya

Mwezi Oktoba 1847 kampuni ya Smith, Elder ya London ilichapisha riwaya iitwayo Jane Eyre. Ukurasa wa mbele ulisema kitabu ni tawasifu, na mtu aitwaye Currer Bell akatajwa kuwa mhariri wake tu. Hakuna aliyemfahamu Currer Bell, wala kujua kama ni mwanamume au mwanamke. Shule iliyosimuliwa katika sura za mwanzo, ambayo kitabuni inaitwa Lowood, yenyewe haikuchukua muda kutambulika. Charlotte Brontë, ambaye ndiye aliyejiita Currer Bell, alimwandikia W. S. Williams wa kampuni hiyo mwezi Januari 1848 kwamba alimwona kasisi mmoja mzee akikisoma kitabu, akamsikia akimaka kuwa shule hii anaijua, bwana huyu anamjua, na mwalimu huyu pia. Kasisi akasema bwana mwenyewe alistahili adhabu aliyoipata. Charlotte alikuwa pale pale, na mzee hakujua kwamba mwandishi yuko karibu naye. Barua haifichi kwamba alifurahi.

Kisa ninachotaka kukichambua ni hicho. Mtoto wa miaka minane anakaa shule ya bweni kwa muda usiofika miezi kumi. Zaidi ya miaka 20 baadaye anaitia shule hiyo katika riwaya, na mwanzilishi wake, aliye hai bado, anajikuta mbele ya umma akikabiliwa na mashitaka ambayo hakuna mahakama iliyowahi kuyasikiliza. Je, alitendewa haki? Kwa maoni yangu, mashitaka ya msingi yalikuwa ya kweli, tena Charlotte alisema pungufu kuliko aliyoyajua. Na waliogombana baadaye juu ya sura hizo walishughulika mno na uji ulioungua wa shule hiyo, wakapita mbali na jambo zito kuliko yote aliyoyaandika humo.

Watoto wa kasisi

Patrick Brontë alizaliwa Ireland, akasoma kwa taabu hadi akapata ukasisi wa Kanisa la Uingereza, na mwaka 1820 akahamia Haworth, kijiji cha milimani huko Yorkshire, pamoja na mkewe Maria na watoto sita. Septemba 1821 mkewe akafariki. Binti mkubwa, aliyeitwa Maria kama mama yake, alikuwa na miaka saba. Wakafuatana Elizabeth, Charlotte, Branwell ambaye ndiye mwanamume pekee, Emily, na Anne aliyekuwa bado mchanga. Mama yao mkubwa, Elizabeth Branwell, ndiye aliyekuja kukaa nao na kuwalea.

Nyumba ya kasisi ilikuwa ya kanisa. Siku Patrick akifa, wanawe wangetoka humo na mabegi yao. Binti watano wasio na mali ya kuingia nayo katika ndoa wala urithi walikuwa na kazi moja ya heshima ya kutegemea kama wangekosa waume: kufundisha, ama shuleni, ama katika nyumba za matajiri, ambako mwalimu wa kike alikaa kama mtu wa kati, si mgeni na si mtumishi. Ili mtu afundishe, lazima kwanza asomeshwe. Patrick hakuwa na fedha ya kuwasomesha watano.

Ndipo ikatokea Cowan Bridge. Januari 1824 Kasisi William Carus Wilson, mtu wa ukoo wenye mali na mhubiri wa mkondo mkali wa kiinjili, alifungua shule ya mabinti wa makasisi katika kijiji hicho kaskazini mwa Lancashire, karibu na mji wa Kirkby Lonsdale, kando ya mto Leck. Ada ilikuwa pauni 14 kwa mwaka, na ndani yake mlikuwa na chakula, malazi, mavazi na masomo. Aliyetaka mwanawe afunzwe pia Kifaransa, muziki na kuchora aliongeza pauni 3. Kwa baba kama Patrick hiyo ilikuwa rehema. Maria na Elizabeth walipelekwa Julai 1824, wakiwa wametoka tu kuugua surua na kifaduro. Charlotte alifuata tarehe 10 Agosti. Emily, mwenye miaka sita, akaingia Novemba.

Daftari la shule lililoandikwa siku ya kupokewa Charlotte lingalipo. Linasema anasoma vya kuridhisha, mwandiko wake ni wa hivi hivi, hesabu anajua kidogo, kushona anashona kwa unadhifu. Sarufi, jiografia na historia hajui chochote. Kwa ujumla ni mwerevu kwa umri wake, ila hakuna anachokijua kwa mpangilio. Hukumu hiyo ilitolewa juu ya mtoto ambaye nyumbani alikuwa amekwisha kuzoea kusoma magazeti ya baba yake na kubishana kuhusu siasa za Bunge.

Pauni 14 zilivyofanya kazi

Wasomaji wengi wa Jane Eyre humchukia Bwana Brocklehurst, mweka hazina wa Lowood aliyechorwa kwa mfano wa Carus Wilson, wakaishia hapo. Binafsi naona tabia ya mtu huyo inaeleza nusu tu ya kisa. Nusu ya pili imo katika hesabu.

Pauni 14 hazikutosha kumlisha, kumvisha na kumfundisha mtoto mwaka mzima. Pengo lilizibwa na michango ya wafadhili, na aliyeikusanya michango hiyo ni mwanzilishi mwenyewe. Kwa hiyo mtu mmoja ndiye aliyeomba fedha, aliyezishika, aliyeamua zinunue nini, na aliyetoa hesabu yake kwa watu waliokuwa mbali na waliomwamini. Msimamizi wa kike aliyeishi na watoto hakuwa na mamlaka juu ya matumizi. Mzazi aliyelipa ada ya chini kuliko gharama alijiona mdaiwa, na mdaiwa hapigi kelele. Mtoto naye alifundishwa tangu asubuhi hadi usiku kwamba anakula sadaka, hivyo kulalamika ni utovu wa shukrani, tena ni dhambi.

Ukishaupanga mfumo namna hiyo, huhitaji mtu mwovu ili watoto waumie. Anatosha mtu mwenye uhakika kupita kiasi. Carus Wilson alikuwa nao. Alihariri jarida dogo la kila mwezi la watoto, The Children's Friend, lililoanza mwaka huo huo wa 1824, na ndani yake vifo vya watoto vilisimuliwa kama mafunzo: aliyekuwa mwema alikufa kwa furaha, aliyekuwa mkaidi alikufa kwa hofu. Sina shaka aliamini kwa moyo wote kwamba anaziokoa roho za watoto hao.

Elizabeth Gaskell, mwandishi wa riwaya aliyekuja kuwa rafiki ya Charlotte na kuandika maisha yake, aliwatafuta watu waliokuwapo Cowan Bridge. Aliyoyakusanya ni haya. Mpishi alikuwa mchafu na mzembe. Uji uliletwa umeungua, maziwa yamechacha, nyama imekaa hadi ikaharibika, na vyakula vilivyopikwa vilinuka mafuta yaliyovunda. Jumapili watoto walitembea zaidi ya maili mbili hadi kanisa la Tunstall, alikohubiri Carus Wilson. Kanisa halikuwa na moto. Kwa kuwa umbali haukuruhusu kurudi na kwenda tena, walikula chakula baridi katika chumba kilicho juu ya ukumbi wa mlango wa kanisa, wakasubiri ibada ya pili. Majira ya kuchipua ya 1825 homa kali ikaingia shuleni na wasichana kama 40 wakalala. Daktari aliyeitwa alionja chakula chao, akakitema. Mpishi akafukuzwa, na hali ya chakula ikawa bora.

Hakuna hata mmoja wa kina Brontë aliyeshikwa na homa ile. Wao walikuwa wakiondolewa na kitu kingine. Maria alikuwa na kifua kikuu. Tarehe 14 Februari 1825 alirudishwa Haworth, na tarehe 6 Mei akafa, akiwa na miaka 11. Elizabeth alipelekwa nyumbani tarehe 31 Mei akiwa mahututi. Kesho yake Patrick alikwenda mwenyewe kuwachukua Charlotte na Emily. Elizabeth akafa tarehe 15 Juni, akiwa na miaka 10.

Lowood kwa karibu

Charlotte alianza kuiandika Jane Eyre Agosti 1846 huko Manchester, alikokuwa akimuuguza baba yake aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Miaka minane kabla yake Charles Dickens alikuwa amekwenda Yorkshire kuzichunguza shule za bei nafuu na kuzianika katika riwaya. Dickens alikwenda kama mpelelezi, akatazama, akaondoka. Charlotte alikuwa amekula chakula chenyewe.

Tofauti hiyo inaonekana katika mambo madogo. Asubuhi ya kwanza ya Jane, mhusika mkuu wa riwaya, huko Lowood, sahani zinaletwa zikifuka moshi wenye harufu ya kuungua. Njaa inamfanya ameze kijiko kimoja au viwili vya mwanzo bila kuonja. Njaa ikipungua makali tu, ulimi unatambua alichokitia mdomoni, naye anashindwa kuendelea. Wasichana wengine wanaonja, wanajaribu kumeza, wanaacha. Kisha inasomwa sala ya kushukuru kwa chakula ambacho hawakukila.

Jioni za baridi, wakubwa wanauzingira moto safu mbili na wadogo wanachuchumaa nyuma yao wamejifunika mikono kwa aproni. Saa ya chai wakubwa wanawabembeleza au kuwatisha wadogo watoe mkate wao. Jane anasimulia kwamba mara nyingi aligawa kipande chake kwa wawili waliokidai, akampa wa tatu nusu ya kahawa yake, kilichobaki akakinywa pamoja na machozi ya siri. Aliyewahi kulala bweni ambako chakula hakitoshi atalijua jambo hilo bila kuelezwa: mwanafunzi mwenzako aliyekushinda miaka huwa mkali kuliko mwalimu.

Halafu kuna siku ya ukaguzi. Bwana Brocklehurst anaingia na kumkemea Miss Temple, msimamizi mwema, kwa kuwapa watoto mkate na jibini siku uji uliposhindikana kulika. Anamwambia kuwa kwa kufanya hivyo ameilisha miili yao miovu na kuzitia njaa roho zao zisizokufa. Macho yake yanamwangukia msichana mwenye nywele nyekundu zilizojisokota. Anaambiwa ndivyo zilivyoota. Anajibu kwamba hatuwi wafuasi wa maumbile, na nywele zikatwe. Wakati huo huo mlango unafunguka, wanaingia mkewe na binti zake wawili, wamevaa mahameli, hariri na manyoya, nywele zao zimesokotwa kwa ustadi, na mke ana nywele za bandia juu ya paji la uso. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini huyu anawajua, anawahubiria.

Helen Burns na Maria

Katikati ya Lowood kuna Helen Burns, msichana mwenye miaka kama 14, msomaji, mpole, msahaulifu, asiyejua kupanga droo yake. Mwalimu Scatcherd anamwandama. Asubuhi moja anamkaripia kwa kuwa na kucha chafu. Maji ya kunawia yalikuwa yamegeuka barafu usiku ule, na Jane anajiuliza kwa nini Helen hasemi. Helen hasemi. Anatumwa alete fimbo za vijiti zilizofungwa pamoja, anazileta, anainama, anachapwa shingoni mara kumi na mbili, na uso wake haubadiliki.

Wahakiki wa wakati ule walisema Helen ni mwema kupita ubinadamu. Charlotte alimjibu Williams kwa barua Oktoba 1847: Helen alikuwa mtu halisi, hakuna kilichotiwa chumvi, mengi aliyoyakumbuka juu yake aliyaacha makusudi, asije msomaji akaona hayasadikiki. Helen ni Maria.

Kauli hiyo ya kuacha mengi tunaweza kuipima, kwa sababu mwanafunzi mmoja wa Cowan Bridge alimsimulia Gaskell jambo lililompata Maria. Maria alikuwa mgonjwa, na ubavuni alikuwa ametiwa dawa ya kuunguza ngozi hadi itoe malengelenge, tiba iliyotumika sana enzi hizo. Kidonda kilikuwa kibichi. Kengele ya kuamka ilipolia alisema anaumwa, laiti angeachwa kitandani. Wenzake wakamsihi abaki, watamweleza msimamizi. Lakini mwalimu mmoja alikuwa na chumba jirani, na Maria alimwogopa, basi akaanza kuvaa soksi zake polepole akitetemeka. Mwalimu akatoka. Bila kuuliza neno alimshika mkono, upande ule ule wa kidonda, akamzungusha hadi katikati ya chumba huku akimtukana kwa uchafu na uzembe. Maria aliwaomba wenzake waliokasirika watulie. Akajikongoja kushuka ngazi, na alipofika chini akaadhibiwa kwa kuchelewa.

Hakuna tukio kama hilo katika Jane Eyre. Kuna vijiti, kuna kadi yenye neno la aibu aliyofungwa Helen kwenye paji la uso, lakini mtoto mwenye kidonda akiburutwa kutoka kitandani hakuna. Ikiwa masimulizi ya Gaskell ni sahihi, riwaya iliipunguzia shule mashitaka.

Jambo zito nililolitaja mwanzoni linakuja sasa, na ili kuliona lazima uzirudie tarehe. Maria aliondolewa shuleni Februari. Charlotte na Emily walibaki. Maria akafa Haworth mwezi Mei, Charlotte akiwa bado Cowan Bridge, kwenye madarasa yale, kwenye safari zile za Tunstall. Dada aliyekuwa mama yake tangu mama yao afariki alikufa bila yeye kumwona, akazikwa bila yeye kuwapo. Aliporudi Haworth mwezi Juni, kitanda cha Maria kilikuwa kitupu na Elizabeth alikuwa akikata roho.

Soma sasa kifo cha Helen. Shule imejaa taifasi, homa kali ya kuambukiza, wasichana 45 kati ya 80 wamelala, lakini Helen hana taifasi. Ana kifua kikuu, kama Maria. Na hakurudishwa kwao. Amelazwa chumbani kwa Miss Temple. Jane anasikia kwa muuguzi kuwa mwenzake hatakaa sana. Usiku wa Juni anatoka bwenini na gauni la kulalia, anapapasa vijia, anakipata chumba, anapanda kitandani. Helen anaona miguu yake haina viatu, anamwambia alale ajifunike shuka lake. Wanazungumza juu ya Mungu na mahali Helen anakokwenda. Wanapeana busu la usiku mwema. Asubuhi Miss Temple anamkuta Jane amelala amemkumbatia Helen shingoni, na Helen ameshakufa.

Katika sura zote za Lowood, hapa ndipo Charlotte alipouacha ukweli mbali zaidi, na hakuuacha ili amchome Carus Wilson. Alimhamisha dada yake kutoka Haworth akamleta shuleni, mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa amebaki, ili waweze kuagana. Mtu aliyefiwa akiwa mbali, akaletewa habari ya msiba wakati udongo umeshakauka, ataelewa kwa nini. Nimesoma maneno mengi juu ya Jane Eyre yakiuliza kama uji uliungua kweli. Swali la nani alikuwapo Maria akifa naliona ndilo linaloeleza kwa nini sura hizo ziliandikwa kwa moto ule.

Lipo jambo la haki pia katika namna alivyoandika kifo hicho. Angeweza kumuua Helen kwa taifasi na kuutua mzigo wote juu ya shule. Hakufanya hivyo. Aliacha ugonjwa uwe ule uliokuwa, ambao chanzo chake hakikujulikana hadi Robert Koch alipokitangaza kijidudu chake mwaka 1882. Kifua kikuu hakikuishia Cowan Bridge: Emily alikufa nacho Desemba 1848, Anne Mei 1849, wote wakiwa watu wazima waliolelewa Haworth. Baridi, njaa na mwendo wa Jumapili viliweza kumdhoofisha mtoto mgonjwa na kumharakishia mwisho. Kusema shule ndiyo iliyowaambukiza ni kusema tusilolijua, na riwaya haisemi hivyo.

Ugomvi wa 1857

Charlotte alifariki tarehe 31 Machi 1855, miezi tisa baada ya kuolewa na Arthur Bell Nicholls, kasisi msaidizi wa baba yake. Machi 1857 Gaskell akatoa kitabu cha maisha yake. Kile ambacho riwaya ilikificha chini ya majina ya kubuni yeye alikiandika wazi: shule ni Cowan Bridge, na mwanzilishi ni Carus Wilson.

Kukawaka. Carus Wilson na watu wake walitishia kwenda mahakamani. Katika gazeti la Halifax Guardian mkwewe, Kasisi Shepheard, alimtetea, wanafunzi wa zamani wakajitokeza pande zote mbili, na Nicholls, mtu mkimya asiyependa jina lake gazetini, akaandika kulinda heshima ya marehemu mkewe. Gaskell alilazimika kurekebisha maelezo yake katika toleo la tatu, lililotoka mwaka huo huo. Walioitetea shule walisema chakula kilikuwa kizuri na kingi, na waliougua waliugua kwa sababu nyingine. Baadhi yao nadhani walisema kweli, kwa kuwa walikuwa wakieleza miaka ya baadaye. Shule ilihamishwa mwaka 1833 kwenda Casterton, mahali pa juu na pakavu, ikaimarika. Mtu aliyesoma huko akiwa na mpishi mwingine, jengo jingine na wasimamizi wengine hawezi kuwa shahidi wa majira ya baridi ya 1824.

Gaskell ameandika pia yale aliyoambiwa na Charlotte mwenyewe: kwamba asingeyaandika yale ya Lowood kama angejua mahali patatambuliwa upesi namna ile na kuhusishwa na Cowan Bridge, ingawa hakuna neno lisilokuwa kweli kwa wakati ule alioujua yeye, na kwamba hakuona kuwa riwaya inadaiwa uangalifu wa pande zote kama unaotakiwa mahakamani.

Maneno hayo hayapatani na barua ya Januari 1848, ile ya kasisi mzee. Aliyeandika barua ile alitamani sura zitambuliwe, zikatambuliwa, akaridhika. Aliyezungumza na Gaskell alisikitika kwamba zilitambuliwa. Sioni haja ya kumwita mwongo katika mojawapo. Mwaka 1848 alikuwa amejificha nyuma ya Currer Bell, kaka na wadogo zake wote wako hai, na kwa mara ya kwanza mtu mzima mwenye heshima zake alikuwa amesema mbele yake kwamba Maria alidhulumiwa. Alipofahamiana na Gaskell, mwaka 1850, jina lake lilikuwa limeshajulikana, Branwell, Emily na Anne wameshakufa, na yeye amebaki na baba kasisi katika nyumba ya kanisa, akijua kwamba Carus Wilson, aliyempiga kalamu, yuko hai na anasoma magazeti.

Swali linalobaki ni lile la mahakama. Hapo sikubaliani naye kabisa. Ukimchora mtu hivi kwamba jirani yake anamtambua kwa kusoma mara moja, unadaiwa kitu fulani. Hudaiwi kumsifu, wala kuusawazisha uzuri na ubaya wake kwa mizani. Unadaiwa, walau, usimnyime msomaji jambo kubwa linalomtetea. Jambo kubwa la kuitetea Cowan Bridge ni kwamba ilibadilika.

Charlotte deni hilo alililipa ndani ya kitabu. Mwanzo wa sura ya 10, homa ikishapita, uchunguzi unafanywa. Umma unajua juu ya eneo bovu, chakula kichache na kibaya, maji yanayonuka, mavazi duni. Matajiri wa wilaya wanachanga fedha, jengo jipya linajengwa mahali pazuri zaidi, kanuni mpya zinatungwa, chakula na mavazi vinatengenezwa. Jane anakaa Lowood miaka minane zaidi, sita akisoma na miwili akifundisha, na anasema shule ilikuwa sasa yenye manufaa ya kweli. Fedha za shule zinakabidhiwa kwa kamati. Brocklehurst, kwa sababu ya mali yake na ukoo wake, hawezi kuondolewa. Anaendelea kuwa mweka hazina, ila anasaidiwa na mabwana wenye akili pana na huruma zaidi yake, na kazi ya ukaguzi anashirikiana na watu wanaojua kuchanganya ukali na busara, kubana matumizi na starehe ya watoto, huruma na uadilifu.